Vifungo Arobaini na Kimoja

Tik. Kimya kidogo. Tik, tik.

Kulikuwa bado giza. Mama Gundi alilala macho wazi akisikiliza kitu kidogo kigumu kikidondoka ndani ya kopo, kinanyamaza, kinadondoka tena. Alidhani ni panya. Kisha akamsikia panya akikohoa, akajua ni wifi yake.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuja kila mwaka kukaa wiki tatu za joto, kwa sababu nyumba yake ya mjini ilikuwa tanuri. Alikuwa mtu wa moyo mweupe, ila mikono yake haikujua kukaa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni kusaidia. Nimekufagilia, wifi. Nimekuoshea. Nimekukunjia. Wiki ya kwanza alifua mabaki ya nguo ambayo Mama Gundi, mtengeneza picha za vipande vya kubandika, aliyaloweka kwenye majani ya chai siku mbili ili yapate rangi ya kizee. Yakatoka meupe kama yamenunuliwa jana. Wiki ya pili akachukua nyundo akanyoosha waya uliokuwa umeshapindwa kuwa mbawa za ndege. Ikafika mahali Mama Gundi akisikia “nimeku” peke yake, anakimbilia chumba cha kazi.

“Wiki tatu,” alimwambia jirani uani. “Watu wanafungwa hivyo kwa kuiba kuku.”

Sasa aliinuka, akawasha taa, akaenda chumba cha kazi.

“Umeamka, wifi?” Wifi yake alikuwa ameketi kwenye kigoda na makopo manne na kibatari miguuni, uso umejaa furaha. “Nimekupangia vifungo. Vyeupe hapa, vyeusi hapa, vya rangi hapa, na hili la vilivyopasuka.”

Mama Gundi aliitazama meza. Ilikuwa tupu, tena imefutwa.

“Wifi,” alisema polepole, “vilikuwa vimepangwa.”

“Vimepangwa wapi? Vilikuwa vimemwagika meza nzima. Kimoja huku, kingine kule, kingine ukingoni kabisa. Nikasema, maskini, macho yake yamechoka.”

Mama Gundi alitafuta pa kukaa, akakosa, kwa sababu hata kiti kilikuwa kimepangwa, tena uani.

Mkunga wa zahanati alikuwa anaondoka Jumamosi kwenda kuishi kwa mwanawe, mbali, na kina mama aliowazalisha waliamua kumpa picha. Kila mama alileta kipande cha nguo ya mtoto wake na kifungo kimoja. Mama Gundi alivibandika vipande hivyo kwa gundi ya unga juu ya ubao, vikawa ukuta wa zahanati. Paa akalitengeneza kwa mabati ya makopo, na njia ya mlangoni kwa mbegu. Kilichobaki kilikuwa kushona kila kifungo juu ya kiraka chake. Hakuandika jina popote. Kila kifungo alikilaza mezani mahali palepale ambapo kiraka chake kilikuwa ubaoni. Hiyo meza ndiyo ilikuwa daftari lake, na daftari lilikuwa limefutwa kwa kitambaa chenye sabuni.

Tena ilikuwa Jumatano. Na hakuna mama ambaye angeiona picha ile bila kwanza kutafuta kifungo cha mwanawe.

Akatoka akaketi kizingitini, asije akasema neno ambalo halirudi. Baada ya muda kikombe cha chai kilitua pembeni yake.

“Nimekupunguzia sukari,” alisema wifi yake kwa sauti ndogo. “Daktari alisema.”

Mama Gundi alikunywa chai isiyo na sukari na kuhesabu moyoni. Kumi na tisa alikuwa na uhakika navyo. Ishirini na viwili, hapana. Kuzunguka mwenyewe asingeweza: gundi ya unga kwa joto lile huchacha kabla ya saa sita, na paa lilikuwa bado nusu.

“Nitazunguka mimi,” alisema wifi yake.

“Na miguu hiyo? Jua hili?”

“Nani alivivuruga, si mimi? Nipe penseli.”

Akaondoka na kopo lake na mwavuli mweusi. Siku mbili alizunguka. Jioni ya Alhamisi alirudi miguu imevimba kama mikate, na kila kifungo kimefungwa kwenye karatasi yenye jina la nyumba. Na kila karatasi ilikuja na hadithi.

“Hiki cha bluu ni cha mama wa duka. Yule mtoto alizaliwa mvua inanyesha, mkunga akaja na viatu viwili visivyofanana, sasa mume...”

“Wifi. Kiraka kipi?”

“Ngoja, nafika. Sasa mume akasema...”

“Kiraka, wifi. Nina uzi mdomoni.”

“Cha mistari. Lakini hujasikia mume alisema nini.”

Hivyo hivyo hadi ishirini na kimoja, na Mama Gundi akajikuta anajua mambo ya ndani ya kijiji kizima pasipo kuuliza. Karatasi ya mwisho wifi yake hakuifungua. Aliishika tu.

“Hiki cheupe kidogo ni cha mama wa nyumba ya kisimani. Niliuliza mtoto ana umri gani sasa. Nilitaka kumsifia tu. Akasema aliishi siku tisa.”

Mama Gundi alitoa uzi mdomoni. Alimkumbuka yule mama: alipitisha kitambaa na kifungo juu ya uzio, akaenda zake. Kitambaa kilikuwa cheupe, hakina hata ua moja. Naye Mama Gundi alikiona kizuri kwa kuzibia pembe, chini kabisa, mahali ambapo fremu ingekifunika nusu.

Aliinama akaitazama pembe ile muda mrefu.

“Umeniongezea kazi ya usiku na mchana,” alisema. “Lete maji ya moto.”

Kukibandua kile kiraka kulimaanisha kubandua na majirani zake watatu, na gundi ilikuwa imeshakauka. Aliloweka, akainua kidogo kidogo kwa kisu butu.

“Shika hapa. Usinyooshe, usifute, wala usinisaidie. Shika tu.”

Wifi yake alishika. Kitambaa kilikuwa na mkunjo mdogo karibu na kidole chake gumba, na Mama Gundi aliona gumba lile likitetemeka kwa hamu ya kuunyoosha. Halikusogea. Pengine tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kiraka kikahamia kando ya mlango wa zahanati, mahali ambapo mtu anayebisha hodi angeweka mkono.

Jumamosi mkunga alivipitia vifungo kwa kidole kimoja kimoja. “Huyu alitanguliza miguu. Huyu alinikojolea.” Watu wakacheka. Alipofika kwenye kile cheupe, kidole kikabaki pale, na macho yake yakatafuta kwenye umati mpaka yakampata aliyemtafuta.

Mama wa kisimani alipotoka pale kwa mkunga akaenda kwa wifi, aliyekuwa amesimama na begi lake tayari kwa basi la mchana.

“Tangu wakati ule watu wananipita kama mgonjwa,” alisema. “Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Wewe uliuliza, mama, halafu ukaondoka mbio.”

“Nilikosea, mwanangu. Sikujua.”

“Hukukosea.”

Wifi alimtazama Mama Gundi. Mama Gundi, aliyekuwa amezihesabu siku za wiki tatu zile moja moja, alishusha pumzi ndefu, akalichukua begi mkononi mwake.

“Kesho yupo,” alimwambia mama wa kisimani. “Basi halijafa, lipo hata keshokutwa.”

“Basi uje kesho,” alisema yule mama. “Njoo mapema, jua halijawa kali. Nikuambie alivyokuwa.”