Siku Arobaini Mbali na Mzinga

Klipu ya kumi na saba ndiyo iliyomtoa shangazi Evodia vichakani.

Alikuja na panga mkononi, akamkuta Sixbert, mtoto wa kaka yake, amesimama chini ya mti, mkono mmoja juu, simu imeelekezwa kwenye mzinga mtupu uliokuwa umetundikwa tawini. Sauti ya kocha fulani wa mafanikio, iliyohifadhiwa simuni, ilikuwa inalipasua pori zima la Itigi: "Wewe ni sumaku! Unachokitaka kinakujia chenyewe! Sema, mimi ni sumaku!"

"Mimi ni sumaku," alisema Sixbert.

"Zima hicho kidude," alisema shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Zima. Unamhubiria nani huku?"

"Nyuki, shangazi. Nawaita."

"Nyuki hawana bando, mwanangu."

Usimcheke sana Sixbert. Cheka kidogo tu, halafu sikiliza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kidato cha nne amemaliza, na nyuma yake kulikuwa na msururu wa mambo aliyoyaanza. Kuku wa kisasa: wiki sita. Kukimbia kila alfajiri: siku nne, na mojawapo mvua ilinyesha. Kifaransa: alijifunza salamu ya asubuhi, ya jioni hakuifikia. Daftari la malengo lilijaa kurasa tatu, zikiwa zimepigwa mistari kwa rula na kalamu za rangi, na la tatu kati ya malengo hayo lilikuwa kununua daftari kubwa zaidi. Nyumbani kwao Manyoni wakampa jina la Mwanzo. Hata mama yake alilizoea: "Mwanzo, njoo ule."

Yeye mwenyewe alikuwa anacheka wakimwita hivyo. Lakini siku aliyopanda treni kuja Itigi kwa shangazi kujifunza nyuki, alijiapia kimoyomoyo, kichwa kimeegemea dirisha, kwamba hili ndilo la mwisho. Likimshinda, haanzi tena kitu chochote hapa duniani. Atakula atakachopewa, atafanya atakachotumwa, na kalamu za rangi atawagawia watoto wa jirani. Hapo hakuwa anatania.

Na kushindwa kwenyewe kulikuwa na tarehe. Kikundi cha wafugaji nyuki, ambacho mwenyekiti wake alikuwa mzee Mazengo, kilikuwa na utaratibu wake. Mgeni anachonga mzinga mmoja wa gogo kwa mikono yake, anautundika. Nyuki wakiingia kabla ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, amekuwa mwenzao. Wasipoingia, siku hiyo wanachama wote wanakuja, Mazengo anaupasua mzinga kwa shoka, kuni zake zinachemshia chai, na mgeni anapewa kikombe cha kwanza. Watu watatu walishaionja chai hiyo. Hakuna aliyerudi kuonja nyingine.

Shangazi Evodia alimsogelea, akanusa shingo yake.

"Unanuka harusi."

"Pafyumu, shangazi. Kocha anasema mtu wa mafanikio ananukia kabla hajafika."

"Basi nyuki wamekusikia toka juzi, wakahama wilaya. Haya, mzinga umeufungua mara ngapi tangu uutundike?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni. Nafanya ufuatiliaji."

"Kila siku!"

"Jumapili mara moja tu."

Shangazi alikaa chini kabisa, kwenye majani, akacheka mpaka panga likamponyoka. Alikuwa na mizinga kumi na moja mle porini, na miaka thelathini ya kuipanda kwa kamba. Alipomaliza kucheka akafuta machozi na kusema, "Nyuki wanatuma wapelelezi kutafuta nyumba. Sasa mpelelezi anafika, anakuta kichwa chako kimejaa mlangoni. Akirudi kwao akaseme nini?"

Siku hiyohiyo waliushusha ule mzinga. Wakaukwangua ndani, wakaufukizia moshi, wakaupaka nta mpya, wakautundika kwenye mti mwingine. Kisha shangazi akachora mstari kwa kisigino, hatua kumi hivi kutoka kwenye mti.

"Zimebaki siku arobaini. Huu mstari huuvuki. Huugusi mzinga, huuimbii, huupigi picha."

"Sasa nifanye nini siku zote hizo?"

"Uchote maji."

Mvua zilikuwa zimekwisha na madimbwi yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine. Pale kwenye mstari shangazi aliweka karai, akatupia vijiti vielee ndani ili nyuki wapate pa kukanyaga wakinywa. Kisima kilikuwa mwendo wa nusu saa, kwa njia inayopita katikati ya vichaka vilivyofungamana kiasi kwamba mbuzi akiingia hutoka kinyumenyume. Ndoo moja kila asubuhi, kichwani, bila mahubiri. Pafyumu iliachwa nyumbani, na simu, ambayo mle porini ilikuwa haishiki mtandao hata ukiibembeleza, ikaachwa nayo.

Siku ya kwanza alilalamika njia nzima. Siku ya pili alilalamika nusu ya njia. Siku ya tano alikaa kando ya karai kupumzika, na hapo ndipo alipomwona mmoja.

Alitua kwenye kijiti. Akatembea taratibu hadi mwisho wake, akainamisha kichwa, akanywa. Tumbo lake lilikuwa linajikunja na kujikunjua kama la mtu aliyefika kutoka mbali. Sixbert hakuwahi kumwona nyuki akifanya kazi nyingine zaidi ya kumkimbiza. Alisahau kupumua. Nyuki alipomaliza alipanda juu kwa mzunguko, mmoja, wa pili, kisha akanyoosha moja kwa moja kama aliyechorewa njia hewani, kuelekea kwenye mizinga ya shangazi. Safari yote hiyo kwa tone moja. Na yeye hapa, na ndoo ya lita ishirini, alikuwa anataka apigiwe makofi.

"Shangazi," aliuliza wakati wa chakula, "nyuki mmoja anaishi muda gani?"

"Wakati wa kazi nyingi? Wiki sita, akijitahidi."

Wiki sita. Muda uleule aliodumu na kuku.

"Na asali yake yote, ya maisha yake yote?"

"Haijazi kijiko cha chai."

Sixbert aliacha tonge mkononi. "Na anajua?"

"Nimuulize kwa lugha gani?" alisema shangazi. "Kula, mboga inapoa."

Toka hapo alianza kwenda na ndoo mapema zaidi, na kukaa zaidi. Hakuwa na daftari. Alitazama tu. Aliwaona wakija watatu, kisha kumi, kisha karai likawa na ukingo mweusi unaotikisika. Aliona mmoja aliyetumbukia majini, akamsogezea kijiti, na yule nyuki akapanda, akakausha mabawa yake juani moja moja, kwa makini, kama mama anayekunja kanga za kanisani. Wakati mwingine jua lilipenya vichakani na kuwamulika wote kwa pamoja, mamia ya mabawa yakameta, na Sixbert, kijana aliyekuwa hawezi kukaa kimya hata kwenye msiba, alijikuta amevua kofia bila kujua amemvulia nani.

Siku ya thelathini na tatu, akiwa nyuma ya mstari, aliona vidoa viwili vikizunguka mlangoni mwa mzinga wake. Kimoja kiliingia. Kikatoka, kikatembea juu ya gogo lote, mbele, nyuma, chini, kama fundi anayepima. Wapelelezi! Mguu wa Sixbert uliinuka wenyewe. Ulikuwa hewani tayari, juu ya mstari. Hatua kumi tu. Angechungulia tu. Angeangalia tu kama nta imekaa vizuri.

Akaurudisha mguu chini. Ilimchukua nguvu nyingi kuliko kubeba ndoo tatu.

Kesho yake vidoa vilikuwa sita. Keshokutwa, ishirini. Siku ya thelathini na nane havikuwepo. Siku ya thelathini na tisa, vivyo hivyo. Mzinga ulikuwa unaning'inia kimya.

"Wamekwenda kusema hapana," alimwambia shangazi jioni hiyo.

Shangazi hakumdanganya. "Inatokea," alisema. "Kesho Mazengo anakuja saa nne."

Jumamosi asubuhi Sixbert aliamka akiwa amekwisha kushindwa. Alikunja nguo zake, akaziweka begini tayari kwa treni ya kesho. Kisha akasimama mlangoni. Ndoo ilikuwa palepale ilipokuwa kila siku. Nyuki wa shangazi hawakuwa na kosa lolote, na karai litakuwa limekauka. Akaichukua, akaenda kisimani.

Alikuwa amebakiza hatua chache kufika kwenye mstari aliposikia treni. Akashangaa, maana treni ilikuwa imepita tangu alfajiri, na reli ilikuwa upande mwingine. Muungurumo ule ulitoka juu ya vichaka, ukakua, ukawa kila mahali, ukaingia kifuani kama ngoma kubwa inayopigwa bila kupumzika. Kisha mwanga wa jua ukabadilika.

Walikuja kama moshi wenye nia. Wingu zima, jeusi na la dhahabu kwa wakati mmoja, likijikunja na kujifungua, refu kuliko nyumba, na yeye akiwa katikati ya njia yake. Hakukimbia. Wingu lilimmeza. Nyuki maelfu walipita masikioni, kwenye nyusi, katikati ya vidole. Wengine walitua kwenye shati, wakatembea shingoni kwa miguu myepesi kama pumzi, wakaondoka. Hakuna aliyemuuma. Upepo wa mabawa yao ulikuwa na harufu ya nta na maua na kitu kingine alichokosa jina lake. Ndoo ilimtoka kichwani, maji yakamlowesha hadi viatuni, na yeye hakusikia baridi.

Kisha lile wingu likaukuta mzinga.

Lilitua juu ya gogo kama nguo nzito inayotandazwa. Wa mbele wakasimama mlangoni, mikia juu, wakipepea mabawa bila kwenda popote, kana kwamba wanawaita wenzao: ni hapa, ni hapa. Na wenzao wakaanza kuingia. Hawakusukumana. Walitembea kwa miguu, mto wa viumbe vidogo ukipanda gogo alilolichonga yeye, kwa shoka lake, kwa malengelenge yake. Na ndani ya mto ule alimwona mmoja mrefu kuliko wengine, tumbo limechongoka, malkia wao, akipita bila haraka. Akaingia.

Sixbert alikuwa anatabasamu na kulia, na hakuna kocha duniani aliyemwambia afanye chochote kati ya hivyo.

"Mbukwenyi!" sauti ya Mazengo ilisalimia kwa Kigogo kutoka njiani. Alikuwa mbele na shoka begani, wanachama nyuma yake na birika kubwa jeusi, shangazi Evodia mwishoni kabisa, hana haraka. "Mwanzo yuko wapi? Leo nina kiu ya..."

Watu walisema baadaye kwamba hawajawahi kumsikia Mazengo akiishia katikati ya neno. Alishusha shoka taratibu mpaka chini, akavua kofia.

"Wameingia lini?" alinong'ona.

Sixbert alifungua mdomo. Maneno yote aliyowahi kuyahifadhi, ya sumaku na ya ushindi, hayakuwepo.

"Sasa hivi," alisema mwishowe. "Mimi sijafanya kitu, Mwenyekiti. Nilikuwa nachota maji tu."

"Siku ngapi?"

"Sijui. Sikuhesabu."

"Arobaini," alisema shangazi Evodia kwa nyuma. "Pamoja na ya leo. Hajaruka hata moja. Nilihesabu mimi."

Sixbert aligeuka kumtazama. Shangazi alikuwa anaangalia mzinga, si yeye, midomo imebanwa kama mtu anayezuia kicheko au kitu kingine.

"Sasa chai tunachemshia nini?" aliuliza mwanachama mmoja mwenye birika.

"Kaokote kuni," alinong'ona Mazengo. "Na utembee polepole."

Walitawanyika kwa ncha za vidole, watu wazima wote, kama watoto waliokuta baba amelala. Sixbert alibaki pale kwenye mstari. Nyuki wa kwanza kutoka kwenye mzinga wake alikuwa amekwisha kushuka kwenye karai, akatembea juu ya kijiti hadi mwisho, akainamisha kichwa. Chini ya kijiti palikuwa pakavu.

Akaokota ndoo, akashika njia ya kisimani.