Hakuna Mukono Iligusa

Nyumba ya Mama Marceline, kule Kikula, haikuwa na kengele wala haikuihitaji. Kuanzia saa nne asubuhi lango lilikuwa wazi, na mpita njia alivutwa ndani na vicheko kabla hajavutwa na kiu. Wafanyakazi waliotoka zamu kiwandani, madereva wa teksi-basi, akina mama wa kwaya na madaftari yao ya nyimbo kwapani, wote waliishia kwenye mabenchi yale yale, kila mtu na kopo lake la munkoyo. Kama hujawahi kuunywa: ni uji wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa, ukalala usiku mmoja, ukaamka mtamu. Ukilala siku nne unaamka kinywaji kingine kabisa, na watu wa kanisa wanaukimbia.

Pale mabenchini ndipo mtaa ulipojua nani kahamia mtaa wa Panda, nani kanunua pikipiki na kwa nini mpiga gitaa wa kanisa fulani hasalimiani tena na mchungaji wake. Mama Marceline alichota, akagawa, akauliza, akaambiwa. Hakuna aliyeondoka hapo na kiu, wala na siri.

Joëlle alikuwa mtoto wa mdogo wake, kwa hiyo alimwita mama mukubwa. Aliishi naye tangu aanze chuo, na sasa alikuwa mwaka wa tatu wa uhusiano wa umma. Mwalimu wake, Assistant Éphraïm, alikuwa amempa kila mwanafunzi kazi: achague biashara ndogo, aipe sura kwenye mitandao kwa mwezi mzima, kisha aje aeleze mbele ya darasa kilichotokea. Wenzake walikimbilia saluni na maduka ya simu. Joëlle alitazama uani, akaona watu ishirini wanacheka asubuhi ya Jumatatu, akasema moyoni, mimi nina mgodi hapa nyumbani.

"Mama mukubwa, unajua weye iko marque?"

"Marque ya nini?"

"Ya munkoyo. Jina yako tu, bantu banaijua mupaka Shituru."

"Jina yangu baba njo alinipa. Hakuniambia kama ni ya kubandika."

Lakini alikuwa anatabasamu, na Joëlle alijua tayari amekubaliwa.

Kichwani mwa Joëlle mambo yalikuwa yamepangika. Marque, yaani chapa, alivyoielewa yeye, ilikuwa sura ambayo mtu anaikumbuka akiwa amelala. Na kwenye simu alikuwa ameona sura gani watu wanazipenda: zinazong'aa. Juisi za chupa angavu, mikono yenye glavu, meza nyeupe, hakuna moshi, hakuna nzi, hakuna mtu anayepita nyuma na beseni kichwani. Tena Éphraïm alikuwa anarudia kila siku kwamba asiyethubutu hatajulikana. Basi Joëlle akathubutu. Akanunua chupa. Akachapisha karatasi za kijani zenye jina la Munkoyo Marceline, na chini yake maneno aliyoyatafuta siku mbili nzima: Hakuna mukono iligusa. Karatasi ilipanda hadi juu ya kifuniko, ili mnunuzi aone kwamba haijafunguliwa.

Jumatatu, siku ya kupiga video, Mama Marceline alivaa kitenge chake cha Pasaka, akajipaka mafuta usoni, akaja kusimama kando ya chupa. Joëlle akamwomba asogee kidogo. Halafu kidogo tena. Mwishowe mama mukubwa alikuwa jikoni, anaangalia kupitia dirishani, na kwenye video ilibaki mikono miwili ndani ya glavu za plastiki inapanga chupa juu ya shuka jeupe.

Hadi Jumanne jioni watu mia tisa walikuwa wamependa. Joëlle alilala na simu kifuani kama mtoto mchanga.

Kuanzia Jumatano wateja walipewa chupa badala ya kopo, na siku hiyo mabenchi yalikuwa na watu sita. Alhamisi asubuhi alikuwepo mmoja tu, Papa Kalenga, dereva wa teksi-basi, ambaye hajawahi kukosa siku hata moja isipokuwa alipofunga ndoa. Alikuwa ameketi mikono mitupu. Joëlle akamletea chupa, baridi, karatasi imenyooka.

Papa Kalenga aliigeuza. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akaiweka benchini, akaisukuma mbali kwa kidole.

"Juu ya nini hautaki kunywa, Papa Kalenga?"

"Nani alionja?"

"Kuonja vipi? Iko propre, iko safi. Iko fermée, imefungwa."

"Njo ile naogopa. Sikia, mwana wangu. Miaka kumi na moja minye nakunywa hapa. Mama yako anachota, anakunywa kidogo mbele ya macho yangu, anapanguza kopo, njo ananipa. Kila siku. Sasa mutu analeta chupa, hakuna mwenye alionja, na juu yake ameandika hakuna mukono iligusa." Akajikuna shingo. "Kama hakuna mukono, nani alitengeneza?"

Joëlle akaitazama chupa. Tendo lile alikuwa ameliona mara elfu. Mama mukubwa anachota, anapiga funda moja, anapangusa ukingo kwa kitambaa, anatoa kwa mikono miwili. Yeye siku zote alidhani ni kiu ya mama mukubwa.

"Na bantu banasema nini?" akauliza.

Papa Kalenga alifurahi kuulizwa. Alikuwa dereva, habari zilipanda na kushuka kwake mchana kutwa. Wengine wanasema Mama Marceline ameuza kazi kwa mashine ya Lubumbashi. Wengine, kwamba daktari amemkataza munkoyo wake mwenyewe, ndiyo maana hauonji tena. Mama mmoja wa kwaya, jina hatalitaja ingawa anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa yenye mlango wa bluu, anasema mikono ile ya plastiki ni ya nani, mbona haina kichwa?

Saa sita mchana akaja Mama Adrienne, na hapo kicheko kikakauka.

Mama Adrienne alikuwa anamwoza binti yake, Michelle, Jumamosi ile. Wakwe walikuwa watu wa Mulungwishi, walimu na wazee wa kanisa, ambao munkoyo wanaupenda lakini uwe mchanga, mtamu, bila hata harufu ya ukali. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameuagiza kwa Mama Marceline, munkoyo wa harusi nzima, hata bila kuuliza chochote, kwa sababu angeuliza nini? Mama Marceline ndiye aliyetia munkoyo kwenye harusi yake yeye mwenyewe.

Hakukaa. Alisimama katikati ya ua na mkoba wake mbele ya tumbo.

"Yaya Marceline, weye dada yangu mukubwa, minye nakuheshimu. Lakini nitawaambia nini bakwe? Babu ya bwana harusi anauliza nani alionja, nitaonyesha karatasi?"

"Adrienne, munkoyo ni ile ile."

"Labda. Nani alionja?"

Mama Marceline akamtazama Joëlle. Hakumtazama vibaya, na hilo ndilo lililomchoma Joëlle zaidi.

"Kesho saa sita," akasema Mama Adrienne, "kama roho yangu haijatulia, natuma bantu Panda. Kule kuko mama mwingine. Hana jina sawa yako, lakini anakunywa yake."

Alipotoka, Mama Marceline aliokota makopo yaliyokuwa mabenchini, ambayo hayakutumiwa na mtu, akaenda kuyaosha.

Joëlle alimwandikia Éphraïm. Jibu likaja haraka: futa video, toa communiqué fupi, yaani tangazo rasmi, kaa kimya siku tatu, watu watasahau. Siku tatu zingeishia Jumapili, na harusi ilikuwa Jumamosi. Hata hivyo Joëlle aliandika communiqué, kwa Kifaransa kizuri, akamsomea mama mukubwa jikoni: kampuni inasikitika, kampuni inawahakikishia wateja wake wapendwa, kampuni inabaki na imani.

Mama Marceline alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Ni muzuri," akasema. "Mutu atafikiri nilikufa."

Joëlle akacheka bila kutaka, halafu machozi yakamtoka, halafu akacheka tena. Akaifuta communiqué. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akafikiri, na safari hii hakufikiria juisi za chupa angavu. Alifikiria watu mia tisa waliopenda video. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kunywa. Waliokuwa wanakuja walikuwa ishirini, na yeye aliwaonyesha mikono isiyo na kichwa. Kuthubutu kwake kote kulikuwa kuthubutu na jina la mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka nini mezani?

"Mama mukubwa, kesho asubuhi tutafanya direct. Kwa Facebook, bantu bote banaona pale pale. Utaonja mbele yabo."

"Na kama nikikosea?"

"Bataona."

Mama Marceline akakoroga sufuria. "Nivae Pasaka?"

"Vaa yenye unapenda. Na hautasogea."

Ijumaa saa nne Mama Adrienne, aliyeitwa na Joëlle, alikuja na dada zake watatu, kwa sababu jambo kama hilo haliangaliwi peke yako. Papa Kalenga aliegesha basi lake nje na abiria ndani, akawaambia ni dakika tano. Abiria nao wakashuka. Mama wa mlango wa bluu akajikuta amepita hapo kwa bahati. Joëlle akaegemeza simu juu ya rundo la madaftari ya kwaya, akabonyeza, na namba ikaanza kupanda: kumi na wawili, arobaini, mia na thelathini wanaangalia.

Alikuwa ameandaa chupa moja mezani, ile ambayo karatasi yake ilikuwa imenyooka kuliko zote. Mama Marceline akapasua karatasi, akafungua. Kifuniko kikatoa sauti kama mtu anayeguna. Akamimina koponi, akanywa.

Uso wake ukakunjika mbele ya watu mia na thelathini.

"Hii imekuwa kali," akasema. "Hii ni ya balevi." Na akaumwaga chini, wote, polepole.

Chupa ile ilikuwa ya Jumatatu, ya video, ilikaa siku nne dirishani ikipigwa jua ili ionekane vizuri. Joëlle alijua hilo sasa, akiwa amechelewa. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima. Kila alichofundishwa kilimwambia azime. Dada mmoja wa Mama Adrienne alikuwa ameshaziba mdomo kwa kitambaa. Mama Marceline hakumtazama yeyote. Alikuwa anaangalia munkoyo ukinywewa na vumbi kama daktari anayeangalia kidonda.

Joëlle akaondoa kidole.

"Joëlle, banaona?" mama mukubwa akauliza.

"Banaona, mama."

"Muzuri. Baone."

Akaingia jikoni, akatoka na ndoo ya jana, imefunikwa kwa kitambaa. Akachota, akanywa funda moja, akafumba macho kidogo. Akanywa jingine, ambalo halikuwa la lazima. Akapangusa ukingo wa kopo, akamnyooshea Mama Adrienne kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo ya Michelle. Ile ya kwanza, hata mbuzi yangu simupe."

Mama Adrienne alipokea kopo, lakini hakunywa. Akalishika, macho yakahama.

"Na huyu mwenye kuandika karatasi? Yeye alishaonjaka?"

Watu wote wakageuka. Simu nayo ilikuwa inamtazama. Joëlle angeweza kusema ndiyo, nani angejua? Lakini mama mukubwa alikuwa amesimama pale na dimbwi la chupa mbovu miguuni, na uongo ulikosa pa kukaa.

"Hapana," akasema. "Minye nakunywaka Fanta."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika, nadhani, mpaka kituo cha mabasi. Papa Kalenga alilazimika kushika nguzo. Mama wa mlango wa bluu alikaa chini kabisa. "Anauza kitu yenye hanywi," akawa anarudia, "Fanta, Mungu wangu, Fanta," huku akijifuta macho. Hata Mama Adrienne, aliyekuja na uso wa kesi, mabega yalianza kumtikisika.

"Kuja hapa," akamwambia Joëlle. "Kunywa."

Joëlle akanywa. Povu likampanda puani. Ulikuwa mtamu, mzito, na nyuma yake kulikuwa na kitu kama udongo baada ya mvua, ambacho hakuna karatasi yoyote ya kijani ingeweza kukieleza. Akanywa tena. Akapangusa ukingo kwa kiganja chake, akalirudisha kopo kwa mikono miwili, na Mama Adrienne akalimaliza pale pale.

"Sitaki chupa," akasema huku akipanguza mdomo. "Nataka ndoo. Na yaya Marceline anakaa mbele, karibu ya bakwe, anaonja. Batoto na bijana biko na meza kumi na mbili. Ile, huyu wa Fanta njo ataonja."

"Meza zote?" Joëlle akauliza.

"Kwani ulisema hakuna mukono. Sasa leta yako."

Kwenye simu maneno yalikuwa yanapanda haraka kiasi kwamba hayasomeki. Joëlle hakuyasoma. Alikuwa anachota, mabenchi yalikuwa yamejaa na abiria wa Papa Kalenga hawakuwa na haraka tena.

Jumamosi, chini ya hema la harusi, Mama Marceline aliketi mbele kwa kitenge cha Pasaka, akaonja, akampa babu ya bwana harusi, na wawili hao wakaanza kusengenya watu wa Mulungwishi kana kwamba wamekua pamoja. Joëlle alikuwa meza ya tisa. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, mkono wake ulinata, na alikuwa ameshabeua mara moja mbele ya shemeji za Michelle, waliompigia makofi. Akachota, akaonja, akapangusa, akatoa. Kijana aliyepokea alikunywa mara moja, akamrudishia kopo tupu.

"Ingine, yaya. Na uonje kwanza."

Joëlle akalegeza kifungo cha sketi, akachota.