Ndiyo ya Senti Sitini na Mbili

Mimi ni Talal bin Abdullatif bin Zein. Zein, babu yangu, alisalisha watu Malindi ya Unguja mpaka uzee ukamkausha sauti, na waliosafiri walimwachia amana zao bila shahidi. Abdullatif, baba yangu, alikuwa mkaguzi wa karafuu. Gunia alilolipiga muhuri halikufunguliwa tena mpaka lifike ng'ambo. Siyataji majina haya kwa kujigamba, ingawa fahari ninayo na sioni haya kuikiri. Nayataja kwa sababu alasiri moja ya Februari, katika tawi la benki hapa Dubai, nilisikia jina langu na la baba yangu yakitamkwa na binti aliyekaa mbele ya kompyuta, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani yawe ya mtu mwingine.

"Talal Abdullatif?"

"Ndimi."

Alinitazama usoni, akaitazama skrini, akanitazama tena. Beji ya kifuani ilisema Afra. Alipotambua lafudhi ya Kiswahili iliyomo ndani ya Kiarabu changu, aliiacha lugha ile na kuniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za msiba.

"Babu, bibi yangu mimi ni Mpemba. Niambie kweli. Wewe unacheza kamari?"

Baridi ya kiyoyozi, ambayo mpaka wakati ule sikuwa nimeihisi, iliniingia mikononi ikapanda mpaka mabegani.

Jana yake, nyumbani kwetu Al Warqa, nilimkuta mjukuu wangu sebuleni, simu moja katika kila kiganja. Jina lake ni langu. Ndiyo desturi yetu: mwanangu nilimpa jina la baba yangu, naye mwanawe akampa jina langu. Tangu mtoto yule ajue kusema, mimi na yeye hatuitani babu wala mjukuu. Tunaitana somo.

"Somo, simu mbili za nini, umekuwa dalali wa nyumba?"

"Nalinganisha masoko, somo. Kesho kuna robo fainali ya tenisi. Soko hili linauza Ndiyo kwa senti sitini na mbili. Lile hamsini na sita."

"Linauza nini?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ya nini?"

"Ndiyo kwamba yule mrefu atashinda. Akishinda, kila Ndiyo moja inalipa dola nzima. Akishindwa, imekwenda na maji."

Mke wangu, Ummulkheir, alicheka mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia ya kahawa. "Umri wote huu nakupa ndiyo za bure, bwana wee! Kumbe nalikuwa nakula hasara!"

Kijana alicheka pamoja naye, kisha akaendelea kunifafanulia. Soko la kwanza hulipa upesi lakini hukata ada kwa kila unachonunua. La pili halikati kitu, ila fedha hukawia kutoka. Na mchezaji akiumia akajitoa katikati ya mchezo, la kwanza humrudishia kila mtu chake. La pili humhesabu kuwa ameshindwa. "Lazima usome masharti, somo. Wengi hawasomi." Alisema hivyo kwa makini yale yale niliyoyatamani kwake alipokuwa shuleni nikayakosa, na makini yale ndiyo yaliyonitia hofu. Mpumbavu angechoka na kuondoka. Huyu alikuwa amekwisha kukaa kitako.

"Hiyo ni kamari," nikasema.

"Si kamari. Ni soko la utabiri. Kuna muuzaji, kuna mnunuzi, kuna bei. Si wewe unayesema sisi ni watu wa biashara?"

"Baba yangu alikagua karafuu. Ukiishika ungeweza kuinusa. Hiyo Ndiyo yako inanukia nini?"

Alitabasamu, akazilaza simu kifudifudi juu ya meza. "Khalas, somo. Nimekusikia."

Katika mji huu, khalas huweza kuwa nimeacha, na huweza kuwa niache. Mimi nilichagua maana iliyonipendeza, nikanywa kahawa yangu.

Akaunti iliyokuwa kwenye skrini ya Afra ilikuwa ya mjukuu wangu; nilimfungulia mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, na nambari ya simu iliyobaki katika kumbukumbu za benki ilikuwa yangu. Ndiyo maana waliniita mimi. Fedha zilikuwa zimetoka mara mbili kwenda kampuni mbili za nje, na Afra alinieleza kwamba nchi hii haina mzaha na michezo ya bahati isiyo na leseni. Ilimpasa aandike jibu, na jibu lile lingepelekwa kunakohusika.

Nilipomwambia kuwa mtumiaji ni mjukuu wangu, na kwamba jina letu ni moja, aliinama, akapunguza sauti.

"Babu, hapa pameandikwa Talal Abdullatif, basi. Ukisema ni wewe, nitaandika kuwa mzee hakuelewa, alibonyeza tu. Watakuonya, yaishe. Lakini kijana anayekaa kwa kibali cha kampuni..." Hakumalizia. "Niandike ndiyo?"

Akilini nilimwona kijana wangu uwanja wa ndege na begi moja, akirudishwa nchi aliyoijua kwa hadithi zangu tu. Alizaliwa hapa. Hana mji mwingine. Na Ndiyo ile ile, ambayo jana ilikuwa ikiuzwa kwa senti, sasa ilikuwa juu ya ulimi wangu mwenyewe, wala hapakuwa na soko la kuniambia thamani yake. Isitoshe, haingekuwa hata uongo wa wazi. Jina lilikuwa langu kweli.

"Nipe kiti pale pembeni," nikasema. "Mwenyewe atakuja."

Nilimpigia kazini kwake, Jumeirah Village Circle.

"Somo, njoo benki."

"Kuna nini?"

"Jina letu linaulizwa."

Nikangoja. Mlinzi alipita akirekebisha kamba za foleni, nami nikadhani ananijia mimi. Katika televisheni ya ukutani robo fainali ile ya tenisi ilikuwa ikiendelea bila sauti. Yule mrefu aliketi, akalishika paja, akamwita tabibu. Kisha akainuka akichechemea, akampa mwenzake mkono, akajitoa. Mtu mmoja katika foleni aliguna. Nilikumbuka kwamba soko moja litarudisha na jingine litameza, nisijue kijana alinunua wapi zaidi, na nikatambua kwamba sikujali hata chembe.

Mjukuu wangu aliingia, akaja moja kwa moja mezani. Afra hakumkaribisha kiti.

"Talal Abdullatif?"

Kijana alinigeukia mimi. Nikayaelekeza macho yangu sakafuni. Mlinzi nilikuwa nimemwogopa, na karatasi za serikali nilikuwa nimeziogopa, lakini hofu ile haikuwa kitu mbele ya hii: niliogopa kwamba atanyamaza.

"Talal Abdullatif Talal," alisema. Alilitamka polepole jina la tatu, ambalo ndilo langu. "Huyu ni babu yangu. Hajui lolote. Ni mimi."

"Najua," nikamsahihisha. "Aliniambia, nami nilimkataza. Andika na hilo, binti."

Afra aliandika. Akaunti ilifungwa, kijana akatia saini ahadi, na taarifa ikaenda ilikokwenda. Tulirudi Al Warqa katika teksi. Kibali chake kilipokaribia kwisha, kampuni ilikipeleka kuhuishwa, na siku zile kila kengele ya mlango ilipolia Ummulkheir alinitazama kwanza kabla ya kwenda kufungua. Kibali kilirudi. Kijana yupo, anafanya kazi, ananiletea dawa zangu. Kengele ikilia, mpaka leo Ummulkheir hunitazama kwanza.

Basi nyinyi vijana mliopewa majina ya watu, sikilizeni, na simu hizo ziwekeni chini kwanza. Waliobeba majina hayo kabla yenu hawakuyachafua, na hawapo tena kuyajibia. Siku mtakapoitwa, msimtazame mzee aliyeketi pembeni. Simameni, mlitaje jina lenu lote, mpaka la tatu.