Mahindi Ndani ya Tangi

Pikapu ya Bartolomeo ilizima tena ikiwa mwendoni, kwenye mteremko wa kuingia Bombambili. Notburga, mkewe, aliiacha iserereke hadi gereji ya Alfani, akashuka, akabamiza mlango.

"Wiki nzima hivi. Ikipumzika inawaka, ikienda kidogo inazima. Binti yangu Benigna yuko Mpitimbi, mimba imetimia. Nataka gari la kumfikisha hospitali, sitaki hadithi."

"Sawa, mama."

Alfani alipima plagi, zilitoa cheche. Koili ilikuwa nzima. Pampu ilinguruma, lakini mafuta hayakufika mbele. Akafungua chujio, akalinusa, akampa Notburga. Lilikuwa limeziba kwa mahindi yaliyotafunwa, bado ya vuguvugu, yananata mate. Waliposhusha tangi, yalijaza ndoo. Katikati kulikuwa na jino la mtoto.

"Mzee ananunua lumbesa?" aliuliza Alfani, akijisugua mikono kwa sabuni ya unga.

Notburga alitema mate pembeni. Ndivyo mumewe alivyonunua mahindi vijijini: gunia likijaa, analishonea shingo ya kamba, mkulima anaongeza madebe juu yake, bei ileile.

"Basi ndiyo hayo ya juu," alisema Alfani. "Wangeyala wakulima wenyewe. Sasa wanayatafunia huku. Lori la tajiri mmoja wa Tunduru lilikuwa hivihivi, ila kule zilikuwa korosho."

"Dawa yake?"

"Anunue kwa mizani. Au nimfungie koki chini ya tangi, awe anamwaga njiani."

Bartolomeo alisikiliza huku akichokonoa meno. "Mizani! Wanajaza wenyewe, mama Benigna. Nimemshikia nani panga?"

Akafungiwa koki. Yaliyomwagwa aliwapa nguruwe wake, nao wakanenepa hata akawaita majirani waje kuwaona.

"Nyama hiyo haiingii jikoni kwangu," alisema Notburga.

"Pasaka itaingia."

Uchungu ulimshika Benigna Alhamisi asubuhi. Alipofika Mpitimbi na mumewe, Notburga alimtoa binti yake ndani akimshika kiuno, akakuta nyuma ya pikapu magunia manne yamekwisha kupakiwa, na la tano liko chini. Bibi mmoja alikuwa akishindilia mahindi yake kwenye shingo ya kamba kwa viganja, watoto wawili wakimtazama.

"Bartolomeo! Mtoto anazaa!"

"Na gari lirudi tupu? Hili la mwisho."

Gari lilizima baada ya daraja. Likazima tena kwenye mwinuko. Mara ya tatu lilizima wakiwa tayari wanaliona paa la hospitali. Notburga alishuka, akalala chali juu ya vumbi, akafungua koki kwa kitambaa ili asiyaguse. Benigna, kati ya uchungu na uchungu, aliinama akishikilia bodi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshikia mama yake ndoo.

"Mama, ya moto."

"Geuza uso, mwanangu. Usiyatazame."

Bartolomeo alitoa kichwa dirishani. "Yasimwagike," alisema. "Nguruwe hawajala tangu jana."