Kengele ya Ng'ombe kwenye Baiskeli

Tumasch Caviezel hakuwa mtu wa uongo mdogo. Uongo mdogo, alisema, waachiwe watu wa tambarare. Mtu wa milimani akidanganya, adanganye kwa kipimo cha mlima. Kwa hiyo wageni waliofika kijiji cha Surmulin na baiskeli zao waliambiwa kwamba Tumasch aliwahi kuteremka njia ya Alp Sura kwa kasi hata kivuli chake kikafika baada ya chakula cha jioni. Waliambiwa pia kwamba Ziwa Jeusi zamani lilikuwa juu zaidi, ila siku moja alifunga breki ghafla akalisukuma hadi lilipo sasa.

Hawakuambiwa kwamba baiskeli yake ilikuwa na betri ndani ya lile bomba nene la fremu. Akipanda mlima, kazi yake kubwa ilikuwa kukunja uso ili aonekane anateseka.

Lakini mwenyewe alijijua. Magoti yake yalistaafu kabla yake. Akishuka ngazi mbili tu, yalilia kama mlango wa zizi, na mkewe Onna alisikia akiwa jikoni. Bila baiskeli asingeyaona tena yale maziwa matatu ya kule juu, Ziwa Jeusi na mengine mawili, na bila njia ya Alp Sura baiskeli isingekuwa na pa kwenda. Lingebaki benchi la mbele ya kanisa, ambapo wazee wenzake walikaa tangu asubuhi wakilinganisha dawa za presha.

Na njia hiyo sasa ilitaka kufungwa. Aliyetaka ni Braida, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, ambaye ndiye aliyenunua kundi zima la Tumasch alipoacha ufugaji. Jumapili kijiji kingekutana na kuamua kwa kunyoosha mikono.

"Baiskeli zenu zinawatisha ng'ombe wangu," Braida alimwambia mbele ya kiwanda cha jibini, watu wote wakisikia. "Ng'ombe akitishika, maziwa yanapungua. Hilo hulijui? Au ulipostaafu uliacha na akili zizini?"

"Braida mwanangu, hao ng'ombe nimewalea mimi. Hawatishiki hata na radi."

"Usiniite mwanangu, nina wajukuu."

Jachen, mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakupenda kugombana na mtu yeyote kabla ya uchaguzi wala baada yake, akaingia kati. "Basi tujaribu. Jumamosi, Tumasch, utapita katikati ya kundi. Mimi na Braida tutakuwa pale juu tunatazama. Ng'ombe wakiendelea kula, nitawaambia watu njia ibaki. Wakikimbia, nitawaambia ifungwe."

"Hata mmoja akiinua kichwa," alisema Tumasch, "nitakula kofia yangu na jibini juu."

Kibao cha njia kiliagiza kila baiskeli iwe na kengele. Ya Tumasch ilikuwa kitu kidogo cha kuaibisha, ikilia kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Mtu mwenye sifa zake atapitaje mbele ya mwenyekiti akilia *ti*? Ijumaa akaangalia ukutani. Pale juu ya meko ilining'inia kengele ya shaba ya Duchessa, ng'ombe wake marehemu, malkia wa kundi kwa miaka yote aliyoishi. Akaitungua, akaisugua mpaka akajiona uso, kisha akaifunga kwa waya kwenye usukani.

"Baba wee, hiyo kengele ina kazi yake," alisema Onna, mikono imejaa unga.

"Kazi yake ni kulia. Italia."

"Mimi nimesema."

"Nimekusikia, mama. Magoti ndiyo mabovu, masikio bado."

Onna akarudi kwenye keki yake ya kokwa za jozi. Alikuwa ameolewa na Tumasch muda wa kutosha kujua kwamba mawaidha kwake ni kama mvua ziwani.

Jumamosi hewa ilikuwa safi, barafu ya vileleni ikimetameta. Tumasch alipanda na betri hadi kwenye kona ya mwisho, hapo akaizima ili afike mbele ya mashahidi akihema kihalali. Kwa bahati mbaya alihema kihalali mno. Ikabidi ajifanye anakagua gurudumu mpaka roho imrudie.

"Uko hai?" Braida alimpigia kelele kutoka mlangoni mwa kibanda cha wachungaji.

"Nasubiri upepo utulie!"

Upepo haukuwepo. Akapanda, akaachia breki.

Ng'ombe walikuwa wametawanyika pande zote mbili za njia, wa kijivu, wanene, wakitafuna nyasi fupi za mwisho wa Agosti. Alimpita wa kwanza; hakujali. Alimpita wa pili, hakujali. Tumasch akatabasamu hadi jino la dhahabu likapata baridi. Kisha gurudumu likaruka jiwe, na kengele ya Duchessa ikalia.

*Ngooong.*

Vichwa vyote vikainuka.

Kila vuli, nyasi za juu zikiisha, ni kengele ile iliyotangulia. Duchessa aliivaa akiwa na taji la maua, na wengine wakamfuata mstari mmoja hadi nyumbani, kwenye zizi lenye joto na chumvi ya kulamba. Ng'ombe wazima waliijua. Wadogo waliwajua wazima. Hakuna mwana wa Surmulin asiyelijua jambo hilo, na aliyelijua kuliko wote alikuwa anateremka mlima na kengele hiyo usukanini.

Ng'ombe wakajipanga. Hawakukimbia kwa hofu, la. Walikuja kwa furaha, mikia juu, kama watoto wa shule siku ya kufunga.

"Tumasch!" Sauti ya Jachen ilimfikia kutoka juu. "Simama!"

Angesimama vipi? Akifunga breki, kundi zima litampanda mgongoni. Akiongeza kasi, kengele inalia zaidi na wale nyuma wanaongeza mwendo. Akaikamata kwa mkono mmoja aizibe mdomo, baiskeli ikayumba kuelekea Ziwa Jeusi, akaiachia upesi. *Ngooong.* Pembeni ya ziwa familia ya wageni ilikuwa imetandaza mkate na nyama kavu. Waliruka juu ya mwamba wote pamoja na bibi yao.

"Msiogope!" Tumasch aliwapigia kelele akipita. "Ni desturi!"

Mwanzoni mwa kijiji watu walitoka milangoni wakidhani wamekosea mwezi. Mtu alianza kupiga makofi. Mwanamke mmoja, kwa mazoea tu, akachomoa maua dirishani akamvika ng'ombe wa mbele, na yaliyobaki akamvika Tumasch. Basi hivyo ndivyo alivyofika kwenye bomba la maji la kijiji: maua shingoni, tope hadi nyusi, na kundi zima nyuma yake likinywa maji kwa utulivu.

Braida akafika akihema, ameishika sketi kwa mikono miwili.

"Kofia yako iko wapi?" aliuliza. "Nataka nikuone ukiila."

"Braida, nipe nafasi nieleze."

"Eleza!"

Tumasch akachota maji bombani, akaanza kunawa tope usoni.

Jumapili ukumbi wa shule ulijaa. Jachen alimpa nafasi ya kwanza kusema. Tumasch alikuwa ameandaa hotuba yenye tai mmoja na dhoruba mbili. Akasimama, magoti yakalia, ukumbi mzima ukasikia.

"Mmesikia hayo?" alisema. "Hayo ndiyo yote. Kwa miguu sifiki tena kule juu. Nataka kuyaona maziwa kabla hamjanipeleka kule nyuma ya kanisa. Aliyewashusha ng'ombe si baiskeli, ni mpumbavu mmoja, na mnamjua." Akakaa.

Watu walicheka, lakini si kwa ubaya. Braida akasimama taratibu.

"Nilisema zinawatisha," alisema. "Jana nimewatazama kutoka juu hadi chini. Sikuona aliyetishika, nisidanganye, waongo tunao wa kutosha. Njia ibaki. Ila ndani ya malisho, kutoka lango hadi lango, kila mtu ashuke asukume baiskeli kwa miguu. Kila mtu. Hata mwenye magoti."

Jachen akauliza nani anaunga mkono. Mikono ikainuka, na wa Tumasch ukawa wa kwanza, kabla magoti hayajashauriwa.

Jumatatu alikuwa tayari juu. Alifungua lango, akalifunga, akaanza kusukuma. Alikwenda polepole hata ng'ombe mmoja mjamzito akampita, akageuka kumwangalia kwa huruma.

"Mzee, tukuletee kiti?" Braida alipiga kelele kutoka kibandani.

"Leta na supu!"

Kijana mmoja mgeni, naye akisukuma baiskeli yake mpya, akamkuta amesimama katikati ya malisho, ameegemea tandiko.

"Umechoka, mzee?"

"Mimi?" Tumasch alitazama chini, Ziwa Jeusi likiwa limetandazwa kama sahani. "Baiskeli ndiyo imechoka, bwana. Mimi naitembeza tu."