Alama Zimepanda

Mzee alirudi kutoka kliniki ya moyo akipiga mluzi, kofia kaisukuma kisogoni, utadhani kijana katoka kuposa. Binti yake, aliyekuwa akikatakata vitunguu, alikiweka kisu chini. Mluzi ule hakuwa ameusikia tangu baba yake alipolazwa mwaka jana, kifua kimembana. Zamani ukisikika tu kwenye kona, watoto walikimbilia madaftari na marehemu mama yao akabandika chai.

"Vipi huko, baba?"

"Alama zangu zimepanda. Daktari kasema mwenyewe. Wanatafuta alama za moyo kwenye damu, na zangu zimepanda kuliko za mara ile." Akavua koti. "Naitoa baiskeli stoo."

Binti alitaka kufurahi, akashindwa. Baba yake alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Meza hiyohiyo ya jikoni ndiyo aliyosahihishia mitihani, yeye akiwa mdogo kakaa pembeni anajumlisha alama, wino mwekundu umemjaa vidoleni, mama anawafokea wote wawili wapishe sahani. Kwa mtu huyo, alama kupanda kulikuwa na maana moja tu.

"Alisema ni vizuri?"

"Aseme nini tena? Mtoto akipanda unampa pole?" Mzee akacheka. "Ila hako kadaktari, kabinti tu, kalinuna kama kamefeli kenyewe. Kakaniambia nisubiri nje. Nisubiri nini na nimeshafaulu? Nikakapa hongera, nikaondoka."

Akatoka uani. Binti akapiga simu kliniki.

"Nimemtafuta mpaka getini," daktari alisema. "Moyo ukilemewa au ukiumia, kuna vitu unavimwaga kwenye damu, ndivyo tunaviita alama. Zake zimeongezeka sana. Sisemi atapata shambulio jingine la moyo, wala lini. Nasema hatari imekua, na nataka kumbadilishia dawa na kumpima zaidi. Mlete leo. Na asifanye kazi nzito."

Uani, mzee alikuwa ameinamia gurudumu, anajaza upepo kwa pampu ya mkono, jasho linamtiririka. Binti akamnyang'anya pampu.

"Baba, kaa chini."

"Wewe, adabu."

"Kaa kwanza, adabu baadaye. Alama za huko si kama za shuleni. Huko anayefaulu ni mwenye chache."

Mzee akakaa kwenye kizingiti. Akajifuta jasho kwa kofia.

"Nani katunga mtihani wa namna hiyo?"

"Sijui. Ila wamekuona mapema. Safari ile hatukuonywa na mtu."

"Kwa hiyo nirudi nikalazwe."

"Ukapimwe. Wakisema ulale, utalala."

"Siendi leo." Akaishika baiskeli kwenye usukani. "Nilitaka kupita kwenye ile nyumba tuliyokuwa tumepanga zamani. Nilikuwa nampakia mama yako hapa nyuma, anaimba, hajui wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Nikilazwa nisitoke, nitakuwa sijaiona tena."

Binti alikuwa na jibu kali tayari, akalimeza.

"Tutapita na teksi. Lakini ukiiona, unakwenda kliniki bila kuniletea maneno."

Mzee alifikiri. "Dereva asiendeshe kama anafukuzwa."

Teksi ilisimama mkabala na ile nyumba. Ilikuwa imepakwa rangi ya samawati, na dirisha la jikoni limewekwa nondo. Mwanamke asiyemjua alikuwa akianika mashuka mahali palepale ilipokuwa kamba ya mkewe. Mzee alishusha kioo.

"Wameifupisha kamba," alisema. "Mama yako angewasema."

"Angewasema mpaka jioni."

Akacheka kidogo, mkono kauweka kifuani, si kwa maumivu. Binti alisubiri aombe kushuka. Hakuomba. Mashuka yalipokwisha kwenye beseni na mwanamke akaingia ndani, mzee akapandisha kioo mwenyewe.

"Twende, dereva. Yule binti daktari nimemwacha anasubiri."