Wametuonjesha Mugongo

Kwetu Majengo, likelemba, ule muchango wa zamu, si ya pesa tu. Kampuni moja ya filamu za interneti ilitangaza kwamba kila nimero mupya ya simu inapewa siku saba za kuangalia bure, kisha mutu analipa. Kwenye parsele yetu, kiwanja kimoja, tuko familia sita. Nikawapanga kwa zamu: juma hili nimero ya huyu, juma lijalo ya yule, na mwenye zamu ndiye anachagua filamu. Ndiyo kazi pekee ambayo diplome yangu ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, imenipatia.

Zamu ikamufikia Mama Athanasie. Huyu alikimbia kijiji chake cha Rugari wakati waasi walipoingia, mwaka mumoja kisha volkano kutapika, akafika kwetu na sufuria moja na mujukuu wake Umwiza mugongoni. Picha ya bwana yake, muzee Hitimana, aliyekufa kabla ya vita, ilibaki kule ukutani. Hakuwa na ingine.

Akachagua filamu ya mulima wa volkano. Nikamucheka: mulima si ule pale inje, nao ni bure, tena hauna mwisho wa siku saba? Akanijibu kwamba inje ameuona maisha yote, sasa anataka kuuangalia kinywani.

Basi tukauangalia kinywani. Ziwa la moto lilikuwa linapasuka na kujishona, linapasuka na kujishona, na sisi wote kimya. Hata mimi, ambaye nikinyamaza wananipeleka dispensere. Kisha kamera ikashuka kama kipanga mpaka kwenye mashamba ya viazi ya Rugari. Muzee mumoja alikuwa anapanda njia, jembe begani, akivuta kidogo muguu wa kushoto.

Mama Athanasie akaweka chini maharagwe aliyokuwa anachagua.

"Simamisha. Yule ni Hitimana."

Hakuna aliyebisha; filamu ilikuwa ya zamani. Mutu hawezi kukosea mwendo wa bwana yake. Tukarudisha mara kumi na moja. Kila mara muzee anafika kwenye mikaratusi, shingo inaanza kugeuka, na picha inakimbilia mulima.

Siku ya saba, saa sita ya muchana, akaniita pembeni na kitenge chake kizuri kimekunjwa mukononi. Akauliza kama kikiuzwa kitatosha kulipia filamu. Nikashangaa.

"Muuza fromaji ya maziwa wa Masisi anakupa kipande kidogo uonje," akasema. "Fromaji yenyewe anabaki nayo. Hawa wametuonjesha mugongo. Uso wanauuza."

Nilikuwa na muzaha tayari mudomoni. Nikaumeza.

"Mama, hata mwenye kulipa anaona mugongo tu."

Jumaine, jirani yetu muuza viatu wa Birere, mwenye zamu ya kufuata, aliyengoja juma tano apate kuangalia filamu zake za ngumi, alikuwa anasikia; akanyoosha simu yake bila kuombwa. "Andika nimero yangu. Muzee aendelee kutembea."

Mama Athanasie akamuita Umwiza, akamukalisha mbele ya televizyo, akamuonyesha: huyu ndiye babu yako, angalia muguu. Mutoto akaangalia mara mbili, tatu. Kisha akasimama, akabeba ufagio begani, akavuka kiwanja akivuta muguu wa kushoto, sawasawa kabisa.

Alipofika mulangoni, akageuka, uso wote kwetu.

Bibi yake akaacha televizyo iendelee peke yake.